Mvua na Mwasho: Kumtunza Mbwa Mwenye Mzio wa Majira

Mbwa anayejikuna kila mvua zinapoanza kunyesha na kutulia ardhi inapokauka huchukuliwa na wengi kuwa ni mchafu au amejaa viroboto. Huogeshwa, hupakwa dawa ya kupe, na baada ya wiki kadhaa huonekana amepona, ingawa kilichoondoka si ugonjwa bali ni majira yaliyouchochea. Mwaka unaofuata hali hiyo hurudi katika miezi ileile, aghalabu ikiwa nzito zaidi, na ndipo mwenye mbwa huanza kutafuta dawa kali. Maradhi hayo ni mzio wa majira, ambao hauponi kwa dawa moja lakini unadhibitika, na sehemu kubwa ya udhibiti wake hufanyika kabla mwasho haujaanza: kwa kuijua kalenda ya mvua ya mahali mbwa anapoishi, na kwa kuhakikisha kwamba majira yanapoingia, ngozi ya mnyama haina mizigo mingine ya kubeba.

Ngozi badala ya pua

Mzio ni hali ambayo kinga ya mwili, yaani mfumo unaoulinda mwili dhidi ya vijidudu vya maradhi, huvichukulia vitu visivyo na madhara kuwa ni maadui na kuvishambulia. Vitu hivyo, ambavyo hapa vinaitwa vichochezi, ni kama vile chavua, ambayo ni unga laini unaotolewa na sehemu za kiume za maua, chembe za uzazi za kuvu zinazopeperuka hewani, utitiri mdogo sana unaoishi katika vumbi la nyumbani, na hata mate ya kiroboto. Mbwa aliyezaliwa na mwelekeo wa mzio anapokutana na kichochezi mara za mwanzo, mwili wake hutengeneza kingamwili za aina ya E, ambazo ni protini zinazojibandika juu ya seli maalumu zilizotapakaa ndani ya ngozi; kichochezi kilekile kinaporudi hunaswa na kingamwili hizo, na papo hapo seli humwaga histamini pamoja na kemikali nyingine zinazoifanya ngozi iwe nyekundu, ivimbe na kuwasha. Histamini si mhusika pekee wala mkuu, kwa kuwa kuna protini nyingine iitwayo interlukini-31, inayotolewa na baadhi ya chembe nyeupe za damu, ambayo hupeleka taarifa ya mwasho moja kwa moja kwenye neva.

Mpango huo wa mwili haupishani sana na ule wa binadamu, lakini dalili zinapishana. Mtu mwenye mzio wa chavua hupiga chafya, hutokwa na kamasi na macho humchonyota, ilhali mbwa, isipokuwa wachache, hudhurika ngozini. Sababu mojawapo ni umbo la ngozi yenyewe, kwani tabaka la nje la ngozi ya mbwa lina seli chache zilizopangana kuliko la binadamu, na hupata ulinzi wake zaidi kutokana na manyoya. Tabaka hilo linaweza kufananishwa na ukuta wa mawe na chokaa, ambamo seli ndizo mawe na mafuta ya ngozi, hususani yale yaitwayo seramidi, ndiyo chokaa inayoziba nyufa; katika mbwa wenye mzio mafuta hayo huwa pungufu, kwa hiyo chavua iliyotua juu ya ngozi hupata upenyo wa kuingia na kuiamsha kinga. Ndiyo maana sehemu zinazoathirika kwanza ni zile zenye manyoya machache na zinazogusana na majani: tumbo, makwapa, kinena na katikati ya vidole vya miguu.

Uelewa huo haukupatikana mara moja. Mwaka 1941 daktari F. W. Wittich wa Minneapolis, Marekani, alichapisha maelezo ya mbwa aliyepatwa na mafua ya mzio kila mwaka katika majira ya kupukutika kwa majani, na akaeleza jinsi alivyomtibu kwa kumdunga vimiminika vilivyotengenezwa kwa chavua, kama walivyokuwa wakitibiwa watu. Mbwa huyo alikuwa na dalili za puani, jambo ambalo baadaye lilibainika kuwa si la kawaida kwa jamii yake. Katika miongo iliyofuata wataalamu wa ngozi za wanyama walitambua kwamba ugonjwa huohuo, unapompata mbwa, hujitokeza zaidi kama ukurutu wa kudumu unaorithiwa kwa sehemu. Mbwa wa aina za Labrador, Golden Retriever, German Shepherd, Boxer na West Highland White Terrier ni miongoni mwa wanaoupata zaidi, na huanza mara nyingi kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Haimaanishi kwamba mbwa wa kienyeji au chotara wamesalimika, bali ni kwamba uteuzi wa wazazi katika aina chache umeuzidisha mwelekeo huo wa kurithi.

Kalenda inayoandikwa na mvua

Vitabu vingi vya utunzaji wa mbwa vimeandikwa Ulaya na Amerika Kaskazini, na kwa hiyo huzungumzia majira ya machipuko, miti inapochanua baada ya baridi, kisha majira ya joto ya nyasi, na hatimaye magugu ya mwisho wa mwaka. Mwenye mbwa wa Arusha, Nakuru au Kampala anayefuata kalenda hiyo atajiandaa katika mwezi usio wake, kwa sababu karibu na Ikweta mimea haisubiri theluji iyeyuke bali husubiri mvua. Kaskazini mwa Tanzania na katika sehemu kubwa ya Kenya, nyasi huchipua na kutoa mashuke baada ya mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, na tena baada ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo mbwa mmoja anaweza kupata vipindi viwili vya mwasho ndani ya mwaka. Dodoma, Iringa na Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuishia karibu na Aprili, kipindi kinaweza kuwa kimoja lakini kirefu.

Mimea inayostahili kuangaliwa ni ile inayochavushwa kwa upepo, kwa kuwa chavua yake ni nyepesi, ni nyingi, na husafiri mbali. Ukoka, nyasi inayotambaa ambayo imepandwa katika bustani nyingi za mijini, ni miongoni mwa vyanzo vya chavua ya mzio vinavyojulikana duniani kote, na mbwa hulala juu yake mchana kutwa. Gugu karoti, ambalo asili yake ni bara la Amerika na ambalo sasa limeenea kandokando ya barabara na katika viwanja visivyolimwa vya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, linafahamika kwa kusababisha ukurutu kwa watu wanaoligusa na mafua ya mzio kwa wanaovuta chavua yake, kwa hiyo si mmea wa kuachwa uote karibu na banda la mbwa. Kwa upande mwingine, jakaranda inayoipaka Nairobi rangi ya zambarau kuanzia mwezi wa Septemba, au mbogamvilia iliyopamba ua, hulaumiwa bure mara nyingi, kwa sababu mimea yenye maua ya kuvutia hutegemea wadudu wabebe chavua yake, ambayo ni nzito na yenye kunata, na kidogo sana hupeperuka. Mkosaji halisi huwa ni nyasi iliyo chini ya mti huo, yenye maua ambayo hakuna anayeyatazama.

Mvua huleta jambo jingine ambalo ndilo hasa linalofanya majira yawe magumu. Unyevu unaochipuza nyasi ndio pia unaoyawezesha mayai na viluwiluwi vya viroboto kuishi, kwa maana hukauka na kufa hewa inapokuwa kavu. Ndio unaoustawisha utitiri wa vumbi katika matandiko. Na ndio unaootesha ukungu katika kuta za banda na katika majani yanayooza. Chavua, viroboto, utitiri na kuvu hufika kwa pamoja, au hufuatana kwa karibu sana, kiasi kwamba ni vigumu kusema kwa macho ni kipi kinachomkera mbwa. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ambako hewa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, mipaka ya majira hufifia, na mbwa mwenye mzio wa utitiri au ukungu anaweza kujikuna bila likizo, huku chavua ikimwongezea tu taabu katika miezi fulani.

Kizingiti cha mwasho

Wataalamu wa ngozi hueleza hali hii kwa dhana ya kizingiti cha mwasho, yaani kiwango cha vichokozi ambacho mwili unaweza kukivumilia bila mbwa kuanza kujikuna. Kila kichokozi huongeza sehemu yake, na mbwa huanza kujikuna pale jumla inapovuka kiwango hicho. Mbwa mwenye mzio mdogo wa chavua anaweza kupita masika bila dalili yoyote iwapo hana viroboto na ngozi yake haina maambukizi, lakini mbwa huyohuyo, akiumwa na viroboto wachache tu katika wiki hizohizo, akajikuna usiku kucha. Maana ya dhana hii kwa mwenye mbwa ni kubwa, kwa sababu haimtaki aiondoe chavua yote angani, kazi ambayo haiwezekani, bali humtaka apunguze yale yaliyo ndani ya uwezo wake hadi jumla ishuke chini ya kizingiti.

Dalili za kuvuka kizingiti huanza kwa upole na huweza kudhaniwa kuwa ni tabia tu. Mbwa hulamba au kutafuna miguu ya mbele, hasa jioni anapotulia. Husugua uso kwenye zulia au kwenye nguzo ya banda. Hutikisa kichwa mara kwa mara kwa sababu masikio yanamwasha. Na hujikuna makwapani. Kwa mbwa mwenye manyoya meupe au ya rangi ya maziwa, vidole hugeuka rangi na kuwa vyekundu kama kutu, jambo linalosababishwa na rangi asilia zilizomo katika mate na ambalo huthibitisha kwamba amekuwa akijilamba hata pale ambapo hakuna aliyemwona. Ikiwa hakusaidiwa, ngozi huanza kupoteza manyoya, huwa nene na nyeusi, hutoa mafuta na harufu ya uvundo, kwa sababu bakteria wa jamii ya stafilokoki na kuvu za jamii ya hamira, ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila kudhuru, hupata nafasi ya kuzaliana. Maambukizi hayo nayo huwasha, na hivyo yanakuwa mzigo mpya juu ya ule wa mwanzo, wenye uwezo wa kuendeleza mwasho hata baada ya majira kupita.

Kabla ya kuilaumu chavua

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema kwamba mbwa ana mzio wa majira. Utambuzi hufikiwa kwa kuyaondoa magonjwa mengine moja baada ya jingine, na katika mazingira ya Afrika Mashariki, ambako mbwa wengi ni wa ulinzi na hulala nje, uondoaji huo ni wa lazima. Mwaka 2010 kundi la watafiti likiongozwa na Claude Favrot wa Zürich, Uswisi, lilichapisha orodha ya vigezo vinavyomsaidia daktari, na baadhi yake mwenye mbwa anaweza kuvitazama mwenyewe: ugonjwa kuanza kabla ya umri wa miaka 3, mwasho kutangulia kabla ya vidonda kuonekana, miguu ya mbele na masikio kuathirika, lakini kingo za masikio na sehemu ya chini ya mgongo kubaki salama. Vigezo hivyo viwili vya mwisho vina sababu yake, kwani mbwa anayejikuna kiunoni na kwenye shina la mkia huwa na mzio wa mate ya viroboto, na yule ambaye kingo za masikio na viwiko vyake vimekauka na kutoa magamba hushukiwa kuwa na upele, ugonjwa wa utitiri unaochimba ndani ya ngozi na unaoweza kuwaambukiza watu waliomo nyumbani.

Daktari wa mifugo mwenye hadubini anaweza kukamilisha sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Hukwangua ngozi ili kutafuta utitiri wa upele, hubandika selotepu juu ya sehemu yenye mafuta ili kuhesabu bakteria na kuvu, na hupitisha kitana cha meno ya karibu katika manyoya ili kupata uchafu mweusi wa viroboto, ambao ukiwekwa juu ya karatasi nyeupe yenye maji huacha doa jekundu la damu iliyomeng'enywa. Ikiwa mwasho haufuati majira yoyote, chakula nacho huchunguzwa, na njia inayoaminika ni kumlisha mbwa kwa takriban wiki 8 nyama ambayo hajawahi kuila pamoja na aina moja ya wanga. Kwa mbwa aliyezoea ugali wa dona na dagaa, nyama ya sungura na viazi inaweza kufaa, mradi watoto na walinzi wakatazwe kumtupia mabaki ya mezani, kwa sababu kipande kimoja cha chakula cha zamani huharibu jaribio zima.

Kazi ya nyumbani

Baada ya utambuzi, hatua ya kwanza na yenye faida kubwa kuliko gharama yake ni kuwadhibiti viroboto mwaka mzima, bila kusubiri waonekane. Viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya kizazi chote, kwa kuwa walio wengi wamo katika hali ya mayai, viluwiluwi na mabuu ndani ya vumbi la banda, katika magunia ya kulalia na katika nyufa za sakafu. Kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake bila kufagia banda, kuchoma takataka na kufua matandiko kwa maji ya moto ni kumwandalia kizazi kijacho. Wanyama wote wa nyumba moja hutibiwa pamoja, ila paka hapewi dawa ya mbwa, kwa sababu dawa zenye permethrini, ambazo mbwa huzivumilia, huweza kumwua.

Hatua ya pili ni kuogesha. Katika majira ya mwasho mbwa mwenye mzio hufaidika na bafu moja kwa wiki, kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi kidogo, kwani maji ya moto huongeza mwasho. Shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa huachwa juu ya ngozi kwa muda wa dakika 10 kabla ya kusuuzwa vizuri, na ile yenye klorheksidini, ambayo ni dawa ya kuua bakteria na kuvu, hutumika pale daktari anapokuta maambukizi. Sabuni ya mche na sabuni ya unga hazifai, kwa kuwa ni kali na huyaondoa mafuta ya ngozi ambayo tayari ni haba. Bafu la kila wiki lina athari moja inayosahaulika: linaweza kuosha dawa ya viroboto iliyodondoshwa mgongoni, kwa hiyo mbwa wa namna hii huelekezwa zaidi kwenye vidonge vya kumeza vya kundi la isoksazolini, ambavyo pia hutibu upele, isipokuwa kwa mbwa mwenye historia ya kifafa, ambaye daktari humchagulia njia nyingine.

Kati ya bafu moja na jingine, mbwa aliyetoka matembezini au aliyemaliza zamu ya usiku uani hufutwa miguu, tumbo na makwapa kwa kitambaa chenye maji safi, kisha hukaushwa katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ukibaki hapo hualika kuvu. Nyasi za uani hukatwa zikiwa fupi, kabla hazijatoa mashuke, na mbwa hufungiwa mbali wakati wa kukata na kwa saa kadhaa baada yake. Banda lenye sakafu ya saruji inayofagilika, lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi na lenye hewa inayopita, humfaa kuliko kulala juu ya ukoka, na matandiko yake yanapofuliwa kila wiki, chavua, utitiri na mayai ya viroboto huondoka kwa pamoja.

Lishe nayo ina nafasi, ingawa si ya haraka. Mafuta ya samaki yenye omega-3, ambayo ni aina ya mafuta inayopunguza uvimbe na kusaidia kuimarisha tabaka la ngozi, hupewa mbwa kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, na manufaa yake huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Muda huo ndio unaoonyesha umuhimu wa kalenda, kwa sababu mbwa anayetarajiwa kupata shida mwezi wa Aprili huanzishiwa mafuta hayo mwezi wa Januari, wakati bado ametulia na hakuna anayefikiria ngozi yake.

Dawa na mipaka yake

Kwa mbwa ambao hatua hizo hazikuwatosha, dawa za kutuliza mwasho zinahitajika, na uchaguzi wake hutegemea urefu wa majira, umri wa mbwa na uwezo wa mwenye mbwa. Dawa za kuzuia histamini, kama vile setirizini na klorofeniramini, huwasaidia baadhi tu ya mbwa, kwa kuwa histamini, kama ilivyoelezwa, ni sehemu moja tu ya mnyororo wa mwasho. Hufanya kazi vizuri zaidi zinapotangulia majira kuliko zinapofuata vidonda. Prednisoloni, ambayo ni ya kundi la steroidi, yaani dawa zinazoiga homoni ya mwili inayozuia uvimbe, hutuliza mwasho haraka na bei yake ni nafuu, lakini humfanya mbwa anywe maji sana, akojoe sana na awe na njaa kupita kiasi, na ikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha ngozi, misuli na kinga. Hupewa kwa siku chache, kwa kipimo kinachopunguzwa hatua kwa hatua badala ya kukatishwa ghafla, na haichanganywi na dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa sababu muungano huo huleta vidonda vya tumbo. Sindano ya steroidi inayodumu kwa wiki nyingi ina hatari ya ziada, kwa maana ikishaingia mwilini haiwezi kutolewa hata madhara yakitokea.

Dawa mpya zaidi zimelenga mnyororo wenyewe. Oklasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ni kidonge kinachozuia ishara za interlukini-31 na protini za jamii yake ndani ya seli. Hutuliza mwasho ndani ya saa 24, lakini haipewi mbwa mwenye umri wa chini ya miezi 12 wala mwenye maambukizi makali. Lokivetmabu ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo huikamata interlukini-31 kabla haijafika kwenye neva. Hudungwa chini ya ngozi, na sindano moja hudumu kati ya wiki 4 na 8, muda unaoweza kutosha kumvusha mbwa sehemu kubwa ya msimu mmoja. Siklosporini, inayopunguza nguvu za kinga kwa ujumla, huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuonyesha nguvu zake kamili, na kwa hiyo humfaa zaidi mbwa anayejikuna mwaka mzima kuliko yule wa majira mafupi. Dawa hizi zote huandikwa na daktari baada ya kumpima mbwa, kwa sababu kumtuliza mwasho mbwa ambaye kumbe ana upele ni kuuficha ugonjwa unaoendelea kusambaa.

Njia pekee inayojaribu kuibadilisha kinga yenyewe, badala ya kuzima matokeo yake, ni tiba ya kuuzoesha mwili. Msingi wake uliwekwa mwaka 1911 jijini London na Leonard Noon pamoja na John Freeman, waliowadunga wagonjwa wa mzio vimiminika vya chavua ya nyasi kwa vipimo vidogo vinavyoongezeka, na ndiyo iliyotumiwa na Wittich kwa mbwa wake miaka 30 baadaye. Hapa ndipo vipimo vya mzio vya ngozi au vya damu vina kazi, kwani lengo lake si kuthibitisha kama mbwa ana mzio, jambo ambalo historia na uchunguzi vimekwisha kulithibitisha, bali ni kuchagua vichochezi vya kutiwa katika dawa. Takriban theluthi mbili ya mbwa hupata nafuu ya kuonekana, ila subira inahitajika, kwa kuwa matokeo huweza kuchukua hadi miezi 12, na tiba huendelea kwa miaka. Ni uamuzi wa mbwa mwenye umri mdogo na majira marefu, si wa mbwa mzee anayewashwa kwa wiki tatu tu kila mwaka.

Yanayodhuru kwa jina la tiba

Madhara mengi anayopata mbwa mwenye mzio hutokana na msaada uliotolewa kwa nia njema. Oili chafu ya gari, ambayo hupakwa ngozini kwa imani kwamba inaua wadudu, ina sumu zinazopenya kwenye ngozi iliyochubuka na zinazomezwa mbwa anapojilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikichanganywa kwa kukisia, humsababishia mbwa usingizi mzito, mapigo ya moyo ya polepole na hata kifo. Vidonge vya mafua vya binadamu vinavyochanganya dawa ya mzio na dawa ya kuzibua pua ni hatari kubwa, hasa vile vyenye pseudoefedrini, na dawa za maji zilizotiwa utamu wa zailitoli huishusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla. Hata viuavijasumu, vinapotolewa kila mwaka bila kupima, huwazoesha bakteria wa ngozi dawa na kuacha silaha chache kwa siku ya dharura.

Mahali pa kuanzia ni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na kwa kesi ngumu, katika hospitali za kufundishia za vyuo vikuu vyenye shule za tiba ya mifugo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi katika eneo la Kabete, na Makerere jijini Kampala. Mwenye mbwa anayekwenda huko akiwa na daftari humrahisishia daktari kazi kuliko anayekwenda na malalamiko pekee. Katika daftari hilo huandikwa tarehe mvua ilipoanza, siku nyasi zilipotoa mashuke, tarehe za dawa ya viroboto, na alama ya mwasho kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni mbwa asiyejikuna kabisa na 10 ni mbwa asiyeacha kujikuna hata anapokula. Alama hiyo ikiandikwa kila wiki kwa miaka miwili au mitatu, huonyesha kama ugonjwa unafuata mvua kweli, ni wiki gani dawa inapaswa kutangulia, na kama gharama iliyotumika ilileta tofauti.

Kipimo cha mafanikio katika ugonjwa huu, kwa hiyo, si mbwa asiyejikuna kamwe, kwa kuwa hata mbwa mwenye afya hujikuna, bali ni msimu unaopita bila vidonda, bila masikio yanayonuka, na kwa dawa chache kuliko za mwaka uliotangulia. Lengo hilo halihitaji kliniki ya kifahari kwanza; linahitaji viroboto waliodhibitiwa, banda linalofagiliwa, bafu la kila wiki na jicho linaloitazama kalenda, na kazi hizo huzaa matunda zaidi zinapoanza miezi ya kiangazi, wakati mbwa bado amelala kwa utulivu na mwenye mbwa hana sababu ya kuharakisha.